Vyuma Sita

Waswahili husema ajali haina kinga. Ni msemo niliousikia tangu utotoni, nao huja upesi mdomoni mwa watu mara basi linapopinduka au nyumba inapoteketea. Sina ugomvi na mtu anayeutamka msibani, maana pale kazi yake ni kupoza moyo, si kuchunguza. Ugomvi wangu ni na yule anayeutamka siku ya pili, wakati watu wamekwisha kaa chini kuulizana imekuwaje. Mimi mwenyewe niliutumia siku ya pili, na siku ya tatu, na kwa miaka mingi baada ya hapo. Katika kurasa hizi nataka kueleza kwa nini nimeuacha.

Swali linalonishughulisha ni la zamani. Watu wawili wakifanya uzembe ule ule, saa ile ile, kisha uzembe wa mmoja ukadhuru mtu na wa mwingine usidhuru, je, hatia yao ni moja? Ukiliuliza swali hili barazani utajibiwa kabla kahawa haijapoa. Wapo watakaosema hatia ni moja, kwa kuwa moyo uliozembea ni mmoja. Wapo watakaosema si moja, kwa kuwa huku kuna aliyeumia na kule hakuna. Mimi nimewahi kuyaamini majibu yote mawili, kila moja kwa wakati uliponifaa.

Mwaka 1984 nilikuwa kijana wa miaka 23, fundi wa kalibu katika karakana moja ya kusubu vyuma mjini Dar es Salaam. Jina la karakana sitalitaja. Ilikuwa miaka ya shida. Fedha za kigeni hazikuwapo, vipuri havikuagizwa, na kila mashine iliyovunjika kifaa, iwe ya kusaga nafaka, ya kuchambua pamba au ya kukamua miwa, mwenyewe aliishia kugonga mlango wetu akiwa amebeba kipande kilichokatika ndani ya gunia. Tulijiona watu wa maana sana. Na kwa kweli tulikuwa watu wa maana.

Msomaji asiyepata kuiona kazi hii aniruhusu nimweleze kidogo, kwa sababu bila kuijua kazi hataijua hatia yenyewe. Kalibu ya mchanga hufanywa kwa maboksi mawili ya chuma yasiyo na kitako wala kifuniko, yaani fremu tupu, moja la chini na moja la juu. Mchanga wake si wowote. Huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na maji kidogo, mpaka ukiufumbata kiganjani unashikamana, na ukiuvunja unakatika vipande viwili safi bila kumomonyoka. Ukizidi maji ni hatari, maana tone la maji likigeuka mvuke hutanuka zaidi ya mara 1,600, na mvuke ule usipopata pa kutokea hujitafutia njia wenyewe. Ndani ya boksi huwekwa mfano wa mbao wa kitu kinachotakiwa, mkubwa kidogo kuliko kitu chenyewe, kwa kuwa chuma cha kusubu kikipoa hunywea kiasi cha asilimia moja. Mchanga hushindiliwa juu ya mfano tabaka kwa tabaka. Boksi hugeuzwa, hunyunyiziwa mchanga mkavu ili lisigande na mwenzake, kisha la juu huwekwa na kushindiliwa vivyo hivyo, likiwa na tundu la kumiminia na tundu la kupumulia. Halafu hutenganishwa, mfano hutolewa taratibu, pembe zilizomeguka hutengenezwa kwa kijiko kidogo, vumbi hupulizwa, na maboksi hurudishwa yakaliane kwa pini zake.

Kuanzia hapo fundi haioni tena kazi yake. Hili ndilo jambo lililonipendeza na kunitisha katika ufundi ule. Seremala huutazama mlango wake mpaka dakika ya mwisho, na mshonaji huweza kufumua. Fundi wa kalibu hufunga giza ndani ya boksi na kuondoka. Akiwa ameacha chembe ya mchanga imelala ndani, au ameshindilia upande mmoja kwa uvivu, hakuna atakayejua mpaka chuma kiingie na kipoe, na pengine hata hapo asijulikane.

Kisha huja kuifungia. Watu wengi hudhani chuma kilichoyeyuka, kwa kuwa ni kizito, kitatulia chini kama jiwe. La hasha. Chuma kilichoyeyuka ni maji mazito, nayo husukuma kila kinachoyafunika kama maji yanavyoliinua ngalawa. Ukiwa na kiini cha mchanga ndani ya kalibu, cha kuacha uwazi katikati ya kifaa, kiini cha kilo 10 kitasukumwa juu kwa nguvu ya kilo 35 hivi, nacho kisiposhikizwa kitaelea. Na boksi zima la juu nalo hutaka kuelea.

Hesabu yake si ngumu, nami nitaiandika hapa kwa kuwa nimeibeba kichwani kwa miaka arobaini. Siku ile tulikuwa tukisubu mabamba ya kukalishia mashine za kusaga, kila bamba lina urefu wa sentimita 60 na upana wa sentimita 40. Eneo lake ni sentimita za mraba 2,400. Juu ya bamba chuma hupanda katika matundu mpaka usawa wa uso wa boksi, kimo cha sentimita 20. Chuma cha moto kina uzito wa gramu 7 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Zidisha, utapata kilo 336 zinazosukuma boksi la juu kwenda juu. Boksi lenyewe pamoja na mchanga wake lilikuwa na kilo zisizofika 200. Zilizobaki lazima ziwekwe na mkono wa mtu. Ama unafunga maboksi kwa klampu, ama unapanga vyuma vya uzito juu yake. Klampu zetu nyingi zilikuwa zimekwisha kukatika. Vyuma tulikuwa navyo, vya kilo 25 kila kimoja, na kanuni ya karakana kwa kalibu ya ukubwa ule ilikuwa vyuma kumi.

Vyuma vile havikai ndani ya kifaa. Mteja havioni, wala havilipii. Havilifanyi bamba liwe zuri zaidi wala imara zaidi. Kazi yake ni kukaa kimya kwa nusu saa, kisha kuondolewa. Katika kazi yote ya kalibu hakuna sehemu isiyo na fahari kuliko hiyo, na labda ndiyo sababu ilikuwa ya kwanza kupunguzwa.

Winchi ilikuwa mbovu tangu mwezi uliotangulia. Vyuma vilirundikwa upande wa pili wa karakana, mwendo wa hatua sabini na kitu, na kila kimoja kilibebwa begani. Ilikuwa alasiri, tanuru limekwisha kuiva, na msimamizi wa zamu anatuhimiza kwa kuwa makaa yalikuwa yakiisha. Kando yangu alikuwapo fundi aliyenizidi umri kwa miaka michache, ambaye hapa nitamwita Jirani, kwa kuwa kalibu zetu zilikaa jirani. Yeye aliniita mdogo wangu, nami nilimwita kaka. Alibeba vyuma vinne, akasimama, akajifuta jasho, akanitazama. Mimi nilikuwa nimekwisha kubeba vinne. Hatukusema neno. Yeye hakurudi kuchukua cha tano, wala mimi sikurudi. Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Tulikuwa tumefanya hivyo mara nyingi kwa kalibu ndogo zaidi, na mambo yakaenda.

Chuma kilimiminwa kwanza katika kalibu yangu. Upawa wa kubebwa na watu wawili ulikuja, mbele yupo fundi wa tanuru na nyuma yupo kijana msaidizi, mtoto wa miaka 18 au 19. Chuma cha kumimina huwa na joto la nyuzi 1,350 au zaidi, na rangi yake si nyekundu kama watu wanavyofikiri, ni manjano inayokaribia weupe. Kiliingia. Nikakiona kikipanda katika tundu la kupumulia, kisha kikasimama kabla ya kufika juu, kwa sababu upawa ulikuwa umekwisha. Kilipungua sentimita tatu hivi. Bamba lenyewe liko chini, kwa hiyo halikudhurika. Msimamizi akasema inatosha.

Upawa wa pili ulijazwa vizuri zaidi. Katika kalibu ya Jirani chuma kilipanda mpaka juu kabisa, na hapo nikaliona boksi lake likiinuka. Halikuruka. Liliinuka upana wa kidole tu, kwa upole, kama kifuniko cha sufuria ya wali. Chuma kikatoka katika kiungo upande wa kijana wa upawa. Sakafu pale ilikuwa na unyevu, kikalipuka vipande vidogo vidogo, na kingine kikatambaa kumfuata. Alikuwa amevaa katambuga, zile ndara za matairi, kwa kuwa mabuti ya karakana yalikuwa hayajatolewa tangu mwaka uliotangulia. Sitaeleza mguu ule. Vidole vitatu vilikatwa hospitalini.

Msomaji anaweza kufanya hesabu aone. Sentimita tatu zilizopungua katika kalibu yangu ni kilo 50 za msukumo. Boksi langu na mchanga wake na vyuma vyake vinne vilifika kilo 294. Chuma kilisukuma kwa kilo 286. Kalibu yangu ilishikwa chini na kilo nane, uzito wa mtoto mchanga wa miezi michache, na kilo zile nane sikuziweka mimi. Ziliwekwa na upawa usiojaa.

Nitasema sasa jambo lililonifanya niandike insha hii. Jioni, baada ya kijana kupelekwa hospitali na watu kutawanyika, nilirudi karakana peke yangu. Nilisikia asubuhi wakubwa watakuja kukagua. Chuma katika kalibu yangu kilikuwa kimeganda zamani, boksi lisingeweza kuinuka hata lisipowekewa kitu. Nikaenda upande wa pili, hatua sabini na kitu, nikabeba chuma begani, nikarudi, nikakiweka juu ya kalibu yangu. Nikafanya hivyo mara sita. Alasiri miguu yangu ilikuwa imechoka mno kubeba vyuma hivyo hivyo. Usiku haikuchoka.

Asubuhi wakubwa walihesabu. Kwa Jirani vinne. Kwangu kumi. Msimamizi akamwambia Jirani, "Mtazame mwenzako. Kazi ile ile, siku ile ile." Jirani akanitazama. Akavitazama vyuma. Akainama. Mwisho wa juma alifukuzwa kazi, na katika taarifa iliyobandikwa ubaoni iliandikwa kwamba chanzo cha ajali ni uzembe wa fundi. Watu walipokuja kunipa pole, maana nilikuwa rafiki yake, niliwajibu: ajali haina kinga.

Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hesabu ya kwanza. Nilijiambia kuwa sikumuunguza mtu, na aliyemuunguza anajulikana, na kama vyuma vyangu sita vilikuwa uongo basi ulikuwa uongo usiomwongezea mtu maumivu. Dini inafundisha kwamba matendo huhesabiwa kwa nia, nami nilijua nia yangu haikuwa mbaya. Ilikuwa uchovu tu. Lakini nia ya Jirani nayo ilikuwa uchovu tu, na hapo hoja yangu ilivunjika kila mara nilipoifikisha.

Mwaka 2006, nikiwa mwalimu wa ufundi, mwanangu aliyekuwa akisoma falsafa chuo kikuu alikuja likizo na kitabu cha Mmarekani Thomas Nagel. Nilikuta humo swali langu likiwa limeandikwa na mtu asiyepata kushika mchanga wa kalibu. Nagel na Mwingereza Bernard Williams walilijadili pamoja mwaka 1976, na wakalipa jina la bahati katika maadili. Mfano wa Nagel ni wa dereva wa lori asiyekagua breki. Mtoto akikatiza barabara mbele yake, dereva huyo ni muuaji. Asipokatiza, ni dereva kama madereva wengine. Breki ni zile zile. Mwanangu alinieleza kwamba Immanuel Kant mwaka 1785 alishikilia kuwa thamani ya utashi mwema haiongezwi wala haipunguzwi na matokeo yake. Akaniambia pia kwamba kabla ya Kant, mwaka 1759, Adam Smith alikwisha kumtaja mtu anayerusha jiwe kubwa juu ya ukuta, likaangukia njia ya watu, bila kujali nani anapita. Akionekana hivyo, hata asipompata mtu, Smith aliona anastahili adhabu. Lakini Smith huyo huyo alikiri kwamba hisia zetu hazifuati kanuni hiyo: jiwe lisipompata mtu, hasira zetu hupoa mara.

Nilifurahi kuona kwamba wenye akili hawakuafikiana, kwa kuwa mtu mwenye hatia hufurahi sana akiona wataalamu hawaafikiani. Nikakaa na furaha hiyo kwa muda. Baadaye nikaona kwamba mifano yao yote ina upungufu mmoja ukiipima kwa mkasa wangu. Dereva mwenye bahati wa Nagel anaendesha lori lake na kwenda zake. Mrusha jiwe wa Smith anaondoka. Hakuna anayerudi usiku. Wanafalsafa hawa wanauliza bahati inampa nini mtu aliyesalimika. Mimi nataka kuuliza mtu aliyesalimika anaifanyia nini bahati yake. Na kwa ninavyojua mimi, kitu cha kwanza anachofanya ni kuigeuza ionekane kuwa ni tabia njema.

Lakini hili nisingeliona vizuri kama si maneno ya Jirani, niliyokutana naye mwaka 1997, miaka tisa kabla sijasoma kitabu kile. Alikuwa amefungua kazi yake nyuma ya nyumba yake huko Vingunguti, anasubu masufuria na miiko ya alumini kutokana na pistoni na injini mbovu. Niliambiwa habari zake na muuza vyuma chakavu, nikaenda. Alikuwa ameota mvi. Alinikaribisha kwenye kigoda, akanipa maji, akaendelea na kazi, kwa kuwa alumini ilikuwa imekwisha kuyeyuka nayo haimngoji mgeni. Alumini ni nyepesi, haina hata nusu ya uzito wa chuma, na msukumo wake ni mdogo vivyo hivyo. Hata hivyo juu ya kila kalibu, nazo zilikuwa ndogo, alikuwa ameweka rundo la vyuma, silinda za injini na vipande vya reli, uzito ambao usingehitajika hata kwa bamba letu la mwaka 1984.

Alipomaliza kumimina nikaanza maneno yangu niliyoyaandaa njia nzima. Hakuniacha niyamalize.

"Nilikuona, mdogo wangu. Nilirudi kuchukua shati langu. Nilikuwa nyuma ya tanuru."

Nilimwuliza mbona hakusema asubuhi yake.

"Ningesema nini? Wangetufukuza wote wawili. Na mguu wa kijana ungebaki vile vile."

Kisha akaniuliza habari za watoto, na kabla sijaondoka akanipa mwiko wa alumini, ambao mke wangu anautumia hadi leo. Nilirudi nyumbani nikiwa mwepesi. Niliona nimesamehewa, na kwamba yeye amefikia hitimisho lile lile ambalo mimi nililitaka: kwamba ukweli wangu usingebadilisha kitu.

Ilinichukua muda mrefu kuona kwamba Jirani alikosea. Alikosea kwa ukarimu, lakini alikosea. Kama wakubwa wangekuta asubuhi ile vyuma vinne kwake na vinne kwangu, wasingeweza kuandika yale waliyoyaandika. Fundi mmoja akiweka vinne, huo ni uzembe wa fundi. Mafundi wawili walio jirani, wanaofanya kazi ile ile, wakiweka vinne kila mmoja, na kalibu ya mmoja ikasimama kwa bahati, hapo ni lazima mtu aulize kwa nini. Angeuliza na kuambiwa habari za winchi. Angepima hatua kutoka kwenye rundo la vyuma hadi kwenye kalibu. Angehesabu klampu zilizokatika. Angetazama miguu ya watu na kuona katambuga. Vyuma vyangu sita havikuificha hatia yangu peke yake. Viliigeuza desturi ya karakana nzima kuwa tabia ya mtu mmoja, na viliwapa wakubwa ushahidi waliouhitaji, kwamba kanuni inafuatika, maana tazama, huyu kijana ameifuata.

Na winchi haikutengenezwa. Baada ya siku kumi na tano au zaidi ya hofu, ambapo kila mtu aliweka vyuma kumi huku akilaani, tulirudi kwenye saba, kisha sita. Mabuti yalitolewa mwaka uliofuata, jozi chache. Mimi niliendelea kutajwa kuwa mfano. Vijana wapya waliletwa kwangu wajifunze kufunga kalibu, nami niliwafundisha vizuri kabisa, maana niliijua hesabu yake kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo lile swali la barazani, kama hatia ya watu wawili ni moja, leo nalijibu hivi. Saa kumi alasiri, mimi na Jirani tulikuwa sawa. Sioni hoja ya kututenganisha, isipokuwa upawa, na upawa si wetu. Najua mwenye mguu ulioungua ana haki ya kutuona tofauti, kumkasirikia yule na si huyu, na sitamfundisha mtu namna ya kuhisi maumivu yake. Lakini saa mbili usiku hatukuwa sawa tena. Yeye alikuwa na uzembe wake tu. Mimi nilikuwa nao, na juu yake nilikuwa nimeweka kilo 150.

Naambiwa siku hizi kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, ya mwaka 2003, na wakaguzi wenye uwezo wa kuingia karakana na kuuliza. Ni jambo jema sana. Lakini mkaguzi huhesabu kinachohesabika, na mimi ninajua jinsi ilivyo rahisi kumwandalia hesabu yake. Mkaguzi anayefika baada ya chuma kuganda hakagui kalibu. Anakagua vile mafundi wanavyotaka kuonekana. Nikiwafundisha vijana chuoni niliwaambia wapige hodi katika karakana wakati upawa uko hewani, wahesabu vyuma hapo hapo, na wakikuta pungufu wasimuulize fundi jina lake kwanza, wamuulize vyuma vinakaa wapi.

Sikuwaambia kwa nini. Mmoja wao aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, umewahi kuona kalibu ikiinuka?" Nikajibu kuwa nimeona moja.

Karakana yenyewe haipo tena. Iliuzwa katika miaka ya ubinafsishaji, mitambo ikakatwa kuwa chakavu, na mahali pake pamejengwa maghala. Taarifa ile ya ubaoni sijui iliishia jalala gani. Jirani alifariki mwaka 2011, nami nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza, na nakumbuka nilifikiri juu ya uzito begani, jambo ambalo si adabu kufikiri wakati kama ule. Hakuna ofisi ninayoweza kwenda leo na kusema, ongezeni neno katika faili.

Aliyebaki ni kijana wa upawa. Anakaribia miaka sitini sasa. Baada ya ajali alilipwa kidogo, akawekwa getini, na karakana ilipouzwa akaondoka pamoja na wengine. Anaishi Mbagala, ana duka dogo la bidhaa za nyumbani, na hutembea akiegemea upande mmoja. Kwa miaka yote hii anaamini kwamba mguu wake uliliwa na uzembe wa mtu mmoja, na mtu huyo amekufa. Mimi ananikumbuka vizuri, kwa kuwa nilimtembelea hospitali na kumpelekea maembe. Nimepita mbele ya duka lake mara mbili mwaka huu. Mara ya pili aliinua kichwa, nikanunua kiberiti.